Tangazo la Pili

Mimi ndiye ile sauti.
Spika mbili juu ya kirikuu, jenereta nyuma;
Lindi wananijua koo, hawanijui sura.

Januari nilipita Mtanda, Rahaleo, Mikumbi, nikitamba:

    Mafuta yake Somoe, ya ufuta peke yake,
    Mgeni haagi kwako, akionja tone lake!

Vina vile vilinila usiku mzima na soda mbili.
Vikamuuzia chupa mia nne.

Aprili ufuta ukaadimika.
Mkamuaji wa Nachingwea akaleta mapipa kama kawaida,
Bi Somoe akachovya kidole, akalamba,
akanyamaza.
Akachovya tena.
Mawese.
Chupa sitini na mbili zilikwisha toka,
na hakuna aliyelalamika.
Hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Nikamwandikia karatasi, mkono wa kizoefu:
"Kutokana na changamoto zilizo nje ya uwezo wetu…"
Akaninyang'anya kalamu.
"Changamoto ni nani?
Ndiye aliyepokea pesa zao?"
Akafuta mstari wote, karatasi ikatoboka.

"Upite mitaa ileile," akasema,
"saa ileile, sauti ileile.
Usije ukanong'ona."

Nikapita.
Nilikuwa nimetafuta kina cha "mawese", nikaacha.
Nikasema tu:
Chupa za kifuniko cha njano, za wiki iliyopita,
zimechanganywa mawese.
Hazidhuru. Lakini sicho mlichonunua.
Zirudisheni dukani, hata ikibaki nusu,
mtapewa pesa yenu yote.
Amekosea Somoe Nambunga. Hakupima kabla ya kuuza.

Watoto waliozoea kukimbilia gari wakicheza
walisimama, wakasikiliza kama watu wazima.

Zilirudi arobaini na moja.
Moja tupu, imeoshwa, inanukia sabuni;
akailipa.
Moja haikuwa yake kabisa, kifuniko kimepakwa rangi ya kucha.
Hiyo alicheka mpaka akakaa chini.

Kama alipata hasara sijui, hakunionyesha daftari.
Aliuliza bei ya tangazo la pili.
Nikasema nusu, maana halina vina.
Akahesabu noti, akanipa kamili.

Leo asubuhi kaja bwana mmoja na chupa za mizizi.
Anataka niseme zinatibu maradhi arobaini,
analipa mara mbili, na vina anavyo tayari.
Jenereta lilikuwa linanguruma.
Nikalizima, nimsikie vizuri.
Haya, nikamwambia,
anza kuyataja.