Kiuno cha Mwanaidi

Alikuja Mlimani na suti nzito ya Leeds,
akaitundika msumarini, hakuivaa tena.
Dakta Garside. Jangwani walimwita Saidi;
ndivyo ulimi ulivyomkubali.

Kila masika, mimi na futi, yeye na chaki,
ukuta kwa ukuta.
“Maji yalifika wapi?” Bi Mwanaidi akagusa kiuno.
Akaandika: kiuno cha Mwanaidi, sentimita tisini na nne.

Usiku mlinganyo ukagoma.
“Msimbazi,” alisema, “haujasoma vitabu vyangu.”
Akafuta. Akaingiza taka, daraja, vibanda.

Jana nimeliona jibu lake, kwa penseli, jalada limeliwa na mchwa;
chini yake: muulize tena Mwanaidi.

Mwanaidi hatunaye. Ukuta upo.
Maji ya juzi yamevuka chaki, shibiri moja.