Lafudhi ya Ini

Turku, Januari. Mto Aura umeganda,
bata wanatembea juu yake kwa mashaka.
Mimi fundi wa maabara, Raili Nurmela, ghorofa ya tatu,
glavu juu ya glavu kwa ukali wa barafu kavu,
na mbele yangu mirija minne, nimeiandika kwa kalamu nyeusi:
ini, pafu, bandama, ubongo.

Ndani yake wamo walaji,
seli za kinga zenye tumbo kubwa.
Wa ini humeza chembe nyekundu zilizochakaa,
huzivunjavunja, akabakiza chuma, akakirudisha kwenye mzunguko.
Wa pafu hupiga deki. Vumbi, masizi, utando wa mafuta,
usiku kucha, bila asante,
mpaka siku pumzi inapokwama.
Wa ubongo ana mikono mirefu, myembamba,
hupapasa viungo vya neva
kama mshonaji apapasaye pindo gizani,
akikata nyuzi zisizoshona kitu.

Na uzi walio nao ni mmoja.
Herufi kwa herufi, mmoja.

Daktari Sjöblom hupenda kusema:
kitabu kimoja, kila mtu na kurasa zake.
Sibishani naye, ndiye anayetia sahihi likizo yangu.
Ila mimi nimelelewa na mfumaji.
Mimi naona sufu:
mita mbili za uzi katika kiini kisichoonekana,
umezungushwa kwenye vigurudumu vya protini.
Ulipokazwa, kimya.
Ulipolegea, msomaji hutua, jeni ikasema.

Na anayelegeza?
Jirani.
Ini hunong'ona kila saa, pafu nalo lina minong'ono yake,
na mlaji aliyekaa kati yao
hufunguka pale anaposemeshwa.

Mwaka juzi tulimtoa mlaji wa tumboni
tukamtia pafuni mwa panya.
Pafu halikungoja siku ya tatu kumpa jembe.
Baada ya wiki chache nilisoma jeni zake kwenye skrini,
nikarudia, nikadhani nimechanganya mirija:
alikuwa akisema kipafu, hata ule mkato wa mwisho wa neno.

Nilimfikiria mama.
Aune, miaka saba, kijiji karibu na Viipuri,
mwaka arobaini na nne, behewa la ng'ombe,
paka ndani ya kikapu.
Hapa Turku watoto walicheka irabu zake.
Aliporudi shuleni baada ya Pasaka
hakuna aliyecheka tena.
Hakuna aliyemfundisha. Nani hukaa chini kufundisha hilo?
Ulikuwa uwanja wa shule tu, na foleni ya maziwa.

Miaka themanini viazi vyake vilikuwa *peruna*.
Jumapili iliyopita, kwenye makao ya wazee,
alimsukumia muuguzi sahani na kusema
potakka hizi hazijaiva.
Muuguzi akanitazama. Mimi nikatazama dirisha.

Kuna jambo tunalolijua na hatulipendi:
mtoe mlaji wa ubongo, mweke kwenye kisahani,
mpe joto, sukari, kila kitu isipokuwa jirani,
na kabla saa sita hazijapita
ameanza kupoteza jina.
Jeni moja inazimika, ikifuatiwa na nyingine,
kama mtaa ambao umeme unakatika nyumba kwa nyumba.

Lakini pia nimeona hili, kwa macho yangu, mara tatu:
mahali palipowahi kulegezwa
hapakazwi tena kama zamani.
Ishara inaondoka, jeni inanyamaza,
na pale kwenye kigurudumu hubaki alama ndogo,
uzi umevimba kidogo, kama sufu ya sweta iliyofumuliwa
ambayo hata ukiiosha
inakumbuka vifundo.

Sijui kama hilo ndilo nililolisikia Jumapili.
Sjöblom angesema sampuli ni moja, haitoshi.

Saa kumi na moja jioni. Giza tangu saa tisa.
Naweka mirija kwenye barafu:
ini, pafu, bandama.
Wa ubongo namshughulikia kwanza. Saa yake inakimbia.