Udongo wa Kichuguu

Mvua ya kwanza imeinyeshea Urambo jana usiku.
Kalunde, mimba yake miezi mitano, amesimama mlangoni
pua juu, kama mtu aliyesikia akiitwa.
"Nimegee kidogo," ananiambia,
"kile kichuguu cha mwisho wa shamba.
Kipande cha kujaa kiganja tu."

Mama yangu alikula hapo hapo, nikiwa tumboni.
Aliukaanga udongo kwenye kikaango kikavu,
akaufunga pindo la kanga,
akautafuna njia nzima mpaka kisimani.
Magoti haya basi, na meno haya,
ni mkopo wa mchwa.

Nimechukua jembe. Nimefika.
Nimesimama.

Nakijua kichuguu hiki kuliko anavyokijua yeye.
Misimu tisa nimeliegemeza bomba hapa
nikipumzisha mgongo.
Hapa nililisuuza, maji meupe kama tui
yakiingia matunduni.
Hapa nilimwaga masalia ya dawa ya vikonyo
kwa kuwa chupa ilitakiwa nyumbani, ya mafuta ya taa.
Zile zilizopasuka nilizisokomeza ndani.
Zimelala humo, kila moja na fuvu lake kifuani.

Karani wa chama alisema: someni maelekezo.
Nilisoma uzito wa mtumba. Nilisoma daraja.
Nilisoma deni, mara mbili.
Maandishi ya chupa yalikuwa madogo.

Na bani lilitaka kuni:
likala myombo, likala mninga wa babu,
mpaka shamba likabaki uchi mbele ya mvua
na udongo ukaondoka, mwekundu,
bila kuaga, kuelekea Ugalla.
Nilichofanya ni kuongeza mfuko wa mbolea,
kama anayemtuliza mgonjwa kwa soda.

Mwaka juzi kumbikumbi hawakuruka.
Tulitega karai chini ya taa,
watoto wakakesha na chumvi mkononi.
Asubuhi, maji matupu.
Tukasema: mwaka mbaya.
Tukasema: labda mbalamwezi.

Udongo uwahi ungali maji, tulifundishwa.
Hakuna aliyeuliza maji yapi.

Nimepiga jembe mara moja, kwa adabu, kama anayebisha hodi.
Ndani hakuna anayekimbia,
hakuna askari wa kichwa chekundu
anayetoka kuniuma kidole.
Nyumba nzima, vyumba vyote, korido zote,
na harufu ile ninayoivua kila jioni pamoja na shati.

Nimerudi.
Kalunde ameliangalia jembe, hakuniangalia mimi.
Amenyoosha kiganja.
Sikuwa na neno, nikaweka humo mkono wangu,
mweusi kwenye kucha, mkavu.

Ameuinua. Ameunusa.
Kisha ameurudisha polepole,
kama chombo cha jirani
kinachorudi kitupu.