Vipepeo Viwili

Julai, Wadi Kabir, saa tano asubuhi,
spana ukiisahau juani huishiki tena.
Biju ametandika gunia nyuma ya gari la kobe,
anatoa kabureta mbili pacha kwenye kopo la biskuti
alimoziweka Baba mwaka wa themanini na tatu,
zimeviringwa gazeti, hazijawahi kunusa petroli.

"Ya nini kungoja miaka yote hii?" aniuliza,
kwa Kiswahili cha kuokota kwa wateja wenye asili ya Unguja.
Namwambia: Baba alikuwa na nyumba mbili,
yetu Sib, nyingine Ibra,
na gari la koo moja.
Kila alipokusudia kuzifunga, zamu ilikuwa ya upande wa pili.

Haya, petroli kwanza.
Kutoka pampu, filta. Kutoka filta, tii.
Na kutoka tii mipira miwili, urefu sawasawa,
maana kabureta mbili ni wake wenza:
mmoja akizidishiwa kikombe, mwenziwe atanuna,
na injini ikinuna hukohoa mlimani.
Wala isikaribie bomba la moshi.
Huku petroli huchemka mpirani kama chai,
pampu ikabaki kusukuma mvuke.
Biju anataka kuukata wa kushoto, shibiri nzima imezidi.
Nikasema uache. Mpira ule aliununua Baba.
Akanitazama, akakaza klempu, hakutia neno.

Sasa ufito.
Chuma chembamba kinachovuka injini, koo hadi koo,
na katikati kijiti kinachovutwa na waya wa mguuni.
Ukikanyaga, vipepeo viwili vya shaba
vifungue mbawa pamoja,
si huyu leo na huyu kesho.
Tuliiwasha kwanza ipate moto,
kwani injini hutanuka, na kipimo cha baridi ni uongo.
Biju akanipa kipande cha mpira wa bustani,
ncha moja sikioni, ncha moja kooni, kulia.
Sss.
Kushoto. Sssss.
"Robo," nasema. Anazungusha skrubu robo.
"Rudi nusu yake."
Nafumba macho. Hivi ndivyo Mama alivyokuwa akisikiliza
gari likipunguza mwendo mwisho wa mtaa,
ajue linakata kona au linapita.

Springi za kurudisha tukatia mbili, moja ikikatika isiwe msiba.
Na pedeli igote sakafuni kabla ufito haujagota,
la sivyo utapinda chuma kwa hasira zako.

Ijumaa nikashika njia ya Ibra.
Baada ya Bidbid barabara ikaanza kupanda,
milima rangi ya sufuria iliyoungua,
nikakanyaga, ikaitika, wallahi ikaitika
kwa sauti ambayo gari lile halijapata kuwa nayo.
Kona ya tatu ikakohoa.
Upande wa kushoto.

Nikafungua kifuniko cha nyuma.
Mpira mrefu umelala kifudifudi juu ya bomba la moshi,
umelegea, umekunjika:
shibiri yangu ya huruma.
Nikangoja upoe. Mbuzi watatu wakaja, wakanusa, wakaenda zao.
Nikaufinya, nikaukata kwa kisu cha matunda,
petroli ikanimwagikia vidoleni, baridi ajabu katika joto lile.
Bisibisi sikuchukua. Klempu nikaikaza kwa sarafu ya baisa hamsini.

Ilichukua mara nne kuwaka.
Kipande kimo kwenye droo ya mbele, pamoja na tende.
Simu inalia. Ni Shinuna, dada wa Ibra,
ambaye sijawahi kula kwake,
anauliza nimefika wapi, wali usije ukapoa.
Nasikiliza kwanza nyuma yangu, kulia, kushoto,
halafu namjibu.