Dirisha Namba Nne

Mama anauliza: miaka mitatu Uswidi
ulikuwa unasoma nini hasa?
Anageuza dagaa juu ya jabali,
hapa Mabatini, ambapo jabali ni ua, ni kochi,
ni ukuta wa nne wa chumba cha Nkwabi.

Nasema: nilisoma ardhi inayoinuka.
Zamani za kale barafu iliikalia nchi ile,
nene kuliko mlima, hadi nchi ikadidimia.
Barafu ikayeyuka. Nchi inapanda bado,
unene wa punje ya mtama kila mwaka,
na gati la babu wa mtu leo liko nyasini,
ng'ombe wanajikunia.

Mama hashangai.
"Kama shingo," anasema, "ukitua ndoo."
Kurasa mia mbili na kumi na nne,
na sentensi hiyo haimo.

Sura ya tano haikuhusu mawe.
Nilihitaji vipimo vya zamani,
nikaingia ofisi ya serikali, theluji magotini,
na barua, na muhuri, na kitambulisho, na salamu ndefu.
Karani akainua kiganja: jina halihitajiki.
Wala sababu. Karatasi ni ya umma.
Akaniletea sanduku zima,
akarudi kwenye kahawa yake.
Nililia chooni. Nikadhani ni furaha.

Jumatatu, kwa mara ya sita, tumekwenda
kuulizia faili la kiwanja hiki,
lisiloonekana tangu Baba azikwe.
"Mwenye ufunguo yupo semina. Njooni Alhamisi."
Nikaanza kuhutubia: haki ya mwananchi,
waraka wa umma, nchi za wenzetu...
Karani akavua miwani.
"Kwani wewe wa nani?"

Mama akanitangulia:
"Wa Luhende, fundi baiskeli, pale Igogo."
"Luhende! Mzee wa spoku!"
Kumbe Baba alimtengenezea gurudumu kwa mkopo,
akiwa darasa la sita, na mkopo haukudaiwa.
Dakika kumi. Faili hili hapa,
lina vumbi na kinyesi cha mjusi.

Najua la kuandika:
nyuma yetu alisimama mama wa Ukerewe,
mtoto mgongoni, bahasha kwapani,
baba yake hakumtengenezea mtu gurudumu.
Yeye aliambiwa Alhamisi.

Na najua nisiloweza kuliandika:
kule kila dirisha lilinifungukia,
na miaka mitatu hakuna hata moja
lililouliza mimi wa nani.

"Sogea, umekalia dagaa."
Nasogea. Jabali linaunguza.
"Na hili nalo linapanda?"
Hapana, Mama. Hili halijaenda popote.
Mvua imelivua udongo, kidogo kidogo,
likabaki nje.
Anatema mate pembeni, anageuza dagaa wengine.

Alhamisi ni kesho.
Nitakwenda kusimama foleni na yule mama.
Sijamuuliza hata jina.
Dirishani wataniuliza ni wa nani,
na sijui nitasema nini.