Dirisha la Tikiti

Malindi haina reli, haijapata kuwa nayo.
Lakini Bwana Hirji, tajiri wa mabasi,
aliyewahi kuwa karani wa treni kule Voi,
alikuja na kengele ya shaba na neno moja, stesheni,
akavitundika vyote viwili mlangoni.

Nyuma ya nondo tisa za dirisha lile
babangu alikaa miaka thelathini na mmoja
bila ya kuwa mfungwa.
Mimi nilimpelekea chakula cha mchana,
bakuli tatu zilizopandana kwa mpini mmoja:
wali, mchuzi wa papa, achari.
Nikizihesabu nondo kwa kijiko, ting, ting, ting,
hadi aseme, "Basi, Tima. Watu watadhani gari limefika."

Gari halijafika.
Ubaoni, palipotakiwa kuandikwa saa,
aliandika kwa chaki, hati ya chuoni:

    Abiria mwenye chungu, usiniulize saa,
    Basi si la baba yangu, feri imelala njaa,
    Nami nina watu wangu, wameniwekea taa,
    Likifika utapaa, lisipofika, twakaa.

Wakacheka, wakakaa.
Kadzo akawauzia viazi vya karai kwenye kurasa za daftari,
hesabu za mtoto wa mtu, zenye alama nyekundu za kukosa.
Karisa Thoya akaliburura gunia la korosho hadi mizanini.
Mwaka ratili zilipoondolewa zikaja kilo
alisoma namba ndogo, akajishika kiuno:
"Gunia limepungua. Mbona mgongo haujaambiwa?"

Kisha Kilifi wakajenga daraja.
Baba alilifuta shairi kwa kiganja, polepole,
kama mtu anayefunga macho ya maiti.
Udhuru wake wote ulikuwa feri.

Miaka michache tu, ikaja ile mvua.
Barabara ikakatika huko Garsen, mto ukalala juu yake,
na watu wa Lamu wakabaki kwetu siku kumi na saba.
Benchi zikawa vitanda, kengele ikaanikiwa nepi.
Palikuwa na bibi harusi, anapelekwa Siyu,
hina yake nimeiona ikipauka kidole kwa kidole,
na shangazi yake akimficha mikono ndani ya buibui
ili hina isimalize kabla ya safari.
Sijui kama harusi ilikuwa. Nimeuliza. Hakuna ajuaye.

Baada ya hapo sikumbuki vizuri nini kilitangulia nini.
Askari wawili wenye bunduki, viti vya mbele, hawakati tikiti.
Waitaliano wakipiga picha mizani.
Hirji mdogo akauza mabasi, kisha jengo, kisha akahamia kwa mwanawe Kanada.
Stendi ikapelekwa nje ya mji, penye vumbi na nafasi.
Tikiti ikawa ujumbe kwenye simu,
na Baba, aliyestaafu na muhuri wake mfukoni,
alikuwa akigonga IMELIPWA kwenye stakabadhi za umeme,
kwenye vyeti vya hospitali,
mara moja, kwenye mkono wa mjukuu aliyekuwa akilia. Akanyamaza.

Mwezi jana nimepita.
Ni duka la kubeti sasa, rangi ya kijani mpaka darini.
Dirisha ni lile lile. Nilitoa ufunguo
nikazihesabu: ting, ting. Tisa.
Msichana wa ndani, Nyevu, jina liko kifuani,
akainua macho: "Mama, unaweka timu gani?"
Nyuma yangu wanaume wameshika vikaratasi,
shingo juu, wakikodolea skrini ile pembe ile ile ya ubao,
wakingojea kitu ambacho kimechelewa.

Sakafuni vipo vishimo vinne,
miguu ya mizani ilivila saruji.
Kijana mmoja alikuwa amesimama katikati yake, viatu vimefumuka,
akihesabu sarafu zake upya.
Sikumwambia kwamba anapimwa.