Viazi vya Usoni

Isyonje. Saa kumi na mbili na robo.
Ukungu umelala juu ya bati
kama mgeni asiyejua kuaga.
Napuliza vidole kabla ya kila mstari.
Bando la usiku linakata roho,
na mbele yangu msimbo wa watu nisiowajua sura
unanikodolea macho:

maktaba huria, mali ya yeyote mwenye subira ya kuirekebisha,
kazi yake kutafuta.
Ukiitupia neno moja, tuseme "mbolea",
inaokota nyaraka laki mbili,
inazipanga zote, ya kwanza hadi ya mkiani,
mashine inahema, feni inalia kama nzi ndani ya chupa,
kisha inakupa kumi.

Kumi!
Laki moja na tisini na tisa elfu, mia tisa na tisini
zimesimamishwa foleni, zimenyooshwa mabega,
halafu zimeambiwa nendeni.

Siku tatu nimekuna pasipowasha.
Nimebana mzunguko huu, nimefupisha ulinganisho ule,
nafuu niliyoipata ni kijiko ndani ya pipa.

Uani, shangazi Subilaga keshamwaga viazi
juu ya turubai, gunia zima la lumbesa.
"Nataka kumi vya usoni," anasema,
"vya kukaa juu ya ndoo.
Basi la Kyela likisimama,
abiria hachunguzi chini ya ndoo."

Nilidhani atavipanga.
Hakupanga.
Alivuta sinia, akatia kumi vya mwanzo
hivyohivyo, bila kuchagua.
Akaokota cha kumi na moja,
akakipima kiganjani na kile kinyonge
kuliko vyote vya kwenye sinia.
Kimezidiwa? Kikarushwa nyuma.
Kimezidi? Kinyonge kikatoka, hiki kikaingia,
na macho yake yakatafuta kinyonge kipya
miongoni mwa kumi,
si miongoni mwa gunia.

Mkono haukurudi hata mara moja
kwa kilichokwisha kurushwa.

Uji wangu ukapoa.

Nikafuta mistari arobaini na miwili.
Nikaandika kumi na tisa:
sinia la nafasi kumi, mnyonge mlangoni,
kila ajaye apambane na wa mlangoni,
asiwasumbue waliokaa ndani.
Nikaiendesha. Jibu lilirudi upesi
hata nikadhani nimeharibu kitu.

Na kweli nilikuwa nimeharibu.
Majaribio mia tatu na sita:
kijani, kijani, kijani, kijani,
moja jekundu.
Nyaraka mbili zenye alama sawasawa,
na ya nyuma imeipiku ya mbele.

"Shangazi, vikilingana?"

Hakuinua kichwa.
"Vikilingana, kilichotangulia kinabaki.
Nikitoe, kimenikosea nini?"

Pale nilipoandika "kubwa au sawa"
nikaacha "kubwa" peke yake.
Kijani tupu.
Nikatuma, bando likafa mkononi mwangu.

Siku nne baadaye mtu wa mbali,
ambaye picha yake ni paka aliyevaa miwani,
akaniandikia: imepokelewa, asante,
wazo hili umelitoa wapi?
Nikaandika "Isyonje". Nikafuta.
Nikaandika "kwa shangazi yangu,
anauza viazi barabarani". Nikafuta.
Ningemwelezaje sinia,
na kile kiganja chenye udongo kwenye mistari yake,
kinachojua uzito kabla ya jicho?
Nikamjibu: "Nyumbani."

Jioni ile ndoo nne zilikuwa zimeuzwa.
Tulikula vya nyuma, vilivyorushwa,
vimechemshwa na maganda yake,
moshi ukituchoma macho.
Kimoja, kidogo kama goroli,
kilikuwa kitamu hata nikanyamaza,
nikawaza ule ukurasa wa pili
ambao hakuna anayeufungua.

"Una nini?" akauliza shangazi.
"Sogeza chumvi huku."